Wavu Unaosikiliza

Mto Nyangores huteremka kutoka Msitu wa Mau, ukapita mjini Bomet, kisha ukakutana na Mto Amala kuwa Mto Mara, ambao huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Ili kukadiria mafuriko yatafika wapi, wataalamu huanza kwa kulitandazia bonde wavu wa hesabu. Ardhi hugawanywa kuwa pembetatu au miraba midogo, macho ya wavu, na kila jicho hupewa kimo kimoja cha ardhi na kina kimoja cha maji. Kompyuta hukokotoa maji yanavyohama jicho hadi jicho, kwa milinganyo ambayo chimbuko lake ni kazi ya Mfaransa Saint-Venant ya mwaka 1871.

Ugumu uko kwenye ukubwa wa jicho. Bonde la Mara lina zaidi ya kilomita za mraba 13,000; kwa macho ya mita 10 kwa 10, wavu ungekuwa na macho zaidi ya milioni 130. Upana wa jicho ukipunguzwa nusu, idadi huongezeka mara 4. Tena, wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928 kwamba hatua ya muda ya ukokotoaji hufungwa na udogo wa jicho: jicho likipungua nusu, hatua nayo hupungua nusu. Hivyo, katika njia nyingi za ukokotoaji, kazi huongezeka mara 8.

Ufumaji wenyewe huharakishwa kwa njia kadhaa. Watafiti Bowyer na Watson, kila mmoja kivyake, walieleza mwaka 1981 jinsi ya kuingiza nukta mpya katika wavu wa pembetatu kwa kubomoa pembetatu chache tu zinazohusika nayo, zilizobaki zisiguswe. Bonde pia huweza kukatwa vipande, kila prosesa ikafuma chake, kisha mipaka ikashonwa. Njia nyingine ni kuweka macho madogo mtoni na makubwa vilimani.

Hapo ndipo hesabu inapogusa maadili, kwa kuwa kupanga macho ni kuamua kipi kionekane na kipi kipite. Aristotle, katika Maadili kwa Nikomako, alifundisha kwamba mwenye elimu hutafuta usahihi kwa kadiri jambo lenyewe linavyoruhusu. Fundisho hilo linamwondolea lawama anayeacha nje kila mche wa chai. Halimwondolei lawama anayeacha nje kalvati.

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, barabara ya udongo hukata kijibonde ikielekea kituo cha majani chai, na chini yake huwa na kalvati, bomba la zege lisilofika upana wa mita moja. Ndani ya jicho la mita 10 bomba hilo hutoweka. Tuta la barabara hugeuka bwawa: wavu huonyesha maji yamesimama upande wa juu, na nyumba iliyo chini, ambako maji hutoka kwa kishindo, huandikwa kuwa salama. Kosa dogo la mchoro huangukia mlango wa mtu.

Kishawishi kipo. Jicho moja dogo kupita kiasi hulazimisha hatua fupi za muda kwa wavu mzima, na kulifuta ni rahisi. Lakini udogo ni wa aina mbili: ule uliotokana na ufumaji mbaya, ambao hustahili kuondolewa, na ule uliomo katika ardhi yenyewe, ambao hustahili kuheshimiwa. Kompyuta haiwezi kuutofautisha peke yake. Anayeujua ni mchuma chai anayepita pale kila asubuhi.

Thamani ya kasi iko hapo. Wavu uliochukua siku nyingi kufumwa huwa kiziwi: kila anayesema "pale pana kalvati" huonekana msumbufu, kwa maana kumsikia ni kuanza upya. Wavu unaofumwa kwa dakika chache unaweza kufumuliwa jioni ileile na kalvati ikawekwa mahali pake. Haraka inayotumiwa kumsikiliza mwenye kujua ni haki. Inayotumiwa kumaliza kazi kabla hajasema ni dhuluma.