Sitara na Ushahidi

Swali la insha ya methali katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya halibadiliki sana mwaka hadi mwaka: andika kisa kitakachodhihirisha maana ya methali hii. Kisa kisipungue maneno 400, na pande zote mbili za methali zionekane. Ikiwa methali ni "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu", basi pawe na mkuu aliyesema, pawe na mtu aliyekataa kusikia, na mwishowe guu livunjike. Mtahiniwa akieleza maana bila kusimulia kisa, amepotoka. Akisimulia ukaidi bila kulifikia guu, anapoteza alama.

Mfikirie msichana aliyeinamia karatasi hiyo. Ana kaka ambaye hakusikia la mkuu. Baba yao alimtaka abaki nyumbani ashike jembe na kuchunga ng'ombe. Kaka akapanda basi la usiku hadi Mombasa, akaanza kwa kubeba magunia sokoni Kongowea, na leo ana meza yake ya vitunguu na ndiye anayemlipia dada yake karo. Msichana huyu hakijui kisa kingine chochote kama anavyokijua hiki, na hakimfai. Guu halikuvunjika. Basi anakiacha, anatunga kijana mwingine. Anamfungulia alfajiri tunayoijua sote, yenye jogoo na miale ya jua. Kijana anatoroka shule, anaingia kwenye genge, umati unamwangukia kwa mawe, anazindukia hospitalini mguu mmoja haupo, na hapo anakumbuka kwamba wahenga hawakuambulia patupu. Msahihishaji anaweka alama nzuri pembeni.

Msichana hajamdanganya mtu. Aliambiwa atunge, akatunga, na msahihishaji anajua kimetungwa. Lakini kuna swali alilokuwa nalo peke yake darasani, nalo halikuandikwa: mkuu alisema, mkuu akakosea, na sasa mkuu huyohuyo anakula ugali wa unga ulionunuliwa kwa ukaidi alioulaani. Baba huyo anawaza nini anaponawa mikono? Hakuna methali inayolijibu swali hili, na ndiyo maana lilistahili insha.

Nimeanza na chumba cha mtihani kwa sababu ndipo wengi wetu tulipojifunzia, bila mtu kutuambia, namna ya kuamua kati ya kubuni na kusimulia yaliyotupata. Tulijifunza kwamba ukipewa mada na maisha yako yakaitii, unaandika maisha yako, yakiikataa, unabuni. Naamini tulijifunza kinyume. Maisha yanapoitii mada kirahisi mno, ndipo pa kuyatilia shaka, kwa maana yawezekana tumeshayachonga yakae sawa. Yanapoikataa, pana jambo. Hapo ndipo pa kukaa, hata kama mwishowe mtu ataamua kubuni.

Na kubuni si kosa. Kwa watu waliokulia kwenye hadithi za jioni, kubuni kulikuwa na mlango unaojulikana. Msimulizi alisema "Paukwa!", wasikilizaji wakaitika "Pakawa!", na tangu hapo hakuna aliyeuliza Sungura alizaliwa kijiji gani. Kuitika kule kulikuwa ridhaa. Kila aliyekuwepo alijua ameingia wapi na kwa masharti gani, na mtoto mdogo aliyeogopa zimwi aliambiwa alale, ni hadithi tu. Karatasi imeuondoa mlango huo. Msomaji aliye peke yake na kitabu hana wa kumwitikia. Ana neno moja tu lililoandikwa kwenye jalada, riwaya au tawasifu, naye humkabidhi mwandishi imani yake kwa kulitegemea neno hilo. Mmarekani James Frey alipochapisha A Million Little Pieces mwaka 2003 kama kumbukumbu za maisha yake, mamilioni walimsoma. Mwaka 2006 ikabainika kwamba mambo mazito ndani yake, ukiwemo muda aliodai kukaa jela, yalikuwa ya kutunga, na mchapishaji akakubali kuwarudishia fedha wasomaji waliodai. Maneno yaleyale yangeweza kusimama kama riwaya bila kumuumiza mtu. Kilichovunjika ni ridhaa.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye kusimulia ya kweli yuko salama zaidi na mtego wa mada, kwa kuwa hana la kupinda. Historia yetu wenyewe ya maandishi inaonyesha vingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Carl Velten, mkalimani katika serikali ya Wajerumani iliyokuwa Dar es Salaam, aliwaomba Waswahili waandike safari zao na desturi zao. Kutokana na maombi hayo tukapata Safari za Wasuaheli mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903, kitabu ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Ni hazina, na sisemi neno la kuipunguza. Katika kitabu cha safari yumo Selim bin Abakari, anayesimulia alivyokwenda mpaka Urusi na Siberia. Lakini Selim alikwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani, na aliyemwomba aandike alikuwa Mjerumani mwingine aliyeshika njia ya kupata kuchapishwa. Mtumishi aliyeombwa aeleze aliyoyaona anaweza kuyaeleza kwa uaminifu kabisa, baridi na mito na watu, na bado akajua bila kuambiwa ni upande gani wa safari usioulizwa. Kweli inayoandikwa kwa kuombwa huinama kidogo kumwelekea mwombaji. Haiwi uongo kwa hilo, ila mwandishi aliyeshika mada mkononi hana budi kumtazama usoni aliyempa.

Hata hivyo, mtoa mada si mtu pekee wa kutazamwa, wala si mzito kuliko wote. Wazito ni wale wasiokuwepo chumbani: shangazi ambaye talaka yake inafaa sana kwa mada ya "siku nisiyoisahau", jirani aliyelewa, mtoto ambaye kesho atakuwa mtu mzima na kujisoma. Malezi yetu, hasa ya pwani, yametuwekea wajibu mkubwa wa sitara. Mambo ya ndani hayatolewi barazani, na anayeyatoa huhesabiwa amewavua nguo watu wake mbele za watu. Dini nazo zimeutilia nguvu wajibu huo. Kwa muda mrefu nimesikia vijana wanaoandika wakiuona kama kikwazo, kama kitu cha kizamani kinachowazuia kusema kweli. Mimi siuoni hivyo. Shangazi hakukubali kuwa mada. Kumbebea uchungu wake hadi kwenye meza ya mashindano, kwa jina lake au kwa jina ambalo mtaa mzima utalitambua, ni kuchukua bila ruhusa. Kubuni, katika hali hiyo, ni adabu: mwandishi anachukua kile alichokielewa kutokana na talaka ile, kisha anamwachia shangazi maisha yake.

Ila adabu hii ina gharama yake, nayo haionekani mara moja. Kubadilisha jina na kumhamisha mtu kutoka Tanga hadi Lindi hakujamsitiri yeyote. Watu wa nyumbani humtambua kwa kikohozi chake. Mwandishi anayetaka kubuni kwa ajili ya sitara inambidi abuni kwelikweli, ayavunje yale yaliyotokea hadi yasifungike tena, na hapo huenda akapoteza maelezo yaleyale yaliyomfanya atake kuandika. Nimesoma visa vingi ambavyo ni maisha ya mtu yaliyofunikwa shuka jepesi. Vinaumiza mara mbili: mhusika anajitambua, na hawezi kujibu, kwa sababu akijibu ataambiwa hiki ni kisa tu.

Tena ipo sitara inayomfaa mtesi peke yake. Hapo ndipo wajibu mwingine unapoingia, wa kutoa ushahidi, na hapo waandishi wetu wakubwa hawakuamua namna moja.

Adam Shafi alikamatwa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972. Miaka mingi baadaye, mwaka 2003, alitoa Haini, inayotokana na kizuizi hicho, na akaitoa kama riwaya, yenye mhusika anayeitwa Hamza. Kisha mwaka 2013 akatoa Mbali na Nyumbani, na hiki ni tawasifu: ujana wake, na safari ndefu ya kutoka Zanzibar akitafuta njia ya kwenda Ulaya kupitia nchi za Afrika hadi Misri. Mambo ya kutisha kayaandika kwa jina la mwingine, na ya ujana kwa jina lake. Sitaki kumsemea kwa nini. Ninachoweza kukisema ni kile ambacho uamuzi huo unamwezesha mwandishi yeyote. Aliyefungwa chumba kimoja anajua chumba kimoja. Akiandika tawasifu, ana haki ya kusimulia kufuli aliyoisikia ikifunguliwa chumba cha pili, na hana haki ya kuingia. Riwaya humwingiza. Humpeleka mpaka nyumbani kwa askari, amwone akivua viatu na kuwauliza wanawe habari za shule, na mwandishi akalazimika kumfikiria mtesi kama mtu mwenye nyumba. Sijui njia nyingine ya kulifikia jambo hilo.

Ngũgĩ wa Thiong'o alitenda kinyume. Aliwekwa kizuizini mwisho wa mwaka 1977 bila kufunguliwa mashtaka, na mle ndani ya gereza la Kamiti akaandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni, ile ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shetani Msalabani. Hiyo ilihusu nchi, wezi wake na karamu yao. Lakini gereza lenyewe, chumba chake, siku zake na wenzake aliofungwa nao, alilitolea kitabu kingine mwaka 1981, Detained, kwa jina lake. Ukuta mmoja umezaa vitabu viwili, na kila kitabu kimepewa kazi yake. Kumzuilia mtu bila mashtaka ni kumfanya kana kwamba hakuna lililotokea: hakuna kesi, hakuna hukumu, hakuna kumbukumbu ya mahakama. Riwaya, hata iwe bora namna gani, ingeiachia serikali nafasi ya kusema kwamba hayo ni ya mwandishi. Pale ambapo nguvu ya dhuluma inatokana na kukanusha, anayeijua anadaiwa jina lake na tarehe zake.

Kwa hiyo ninapopewa mada na kuhisi pana jambo langu ndani yake, siamui kwanza. Naandika ilivyotokea, kwa majina, kwenye daftari ambalo halitaonyeshwa mtu. Halafu nasoma nikiangalia ni wapi mkono wangu unataka kubadilisha. Mara nyingi unataka kubadilisha palipo na mtu wa kulindwa, na hapo najua naelekea kwenye kubuni, tena kubuni kikamilifu. Mara nyingine unataka kubadilisha kwa sababu yaliyotokea hayatoshi kufikisha nilichokielewa. Hapo pia nabuni, kwa moyo mweupe. Lakini zipo mara ambazo mkono unataka kuniongezea ujasiri niliokuwa sina, au kunifanya niseme siku ile jambo nililolifikiria wiki moja baadaye. Hiyo haitibiwi kwa kuhamia kwenye riwaya. Mhusika atakayezaliwa na tamaa hiyo atakuwa kijana wa insha ya mtihani: kila afanyacho kimepangwa ili mtu apate alama, na safari hii mtu huyo ni mimi.

Na linabaki jambo moja ambalo kubuni, pamoja na heshima yote niliyonayo kwake, hakuwezi kunipa. Nakumbuka baba mdogo akisimama pembeni ya kaburi la mama, mvua inanyesha, kanzu yake imelowa mpaka magotini. Dada yangu anasema baba mdogo hakuja mazishini. Alikuja siku ya arobaini, na mvua ilikuwa ya siku hiyo. Tumebishana juu ya hili kwa miaka, kwa upendo na mara nyingine bila upendo, kwa sababu kuja au kutokuja kwa baba mdogo kunaamua mengi kuhusu nani alimwacha mama na nani hakumwacha. Nikiandika ukweli, nalazimika kumwandika na dada yangu akikataa, na msomaji abaki nasi wawili. Katika riwaya ningemtunga dada huyo, na ningemtunga akikataa kwa hoja ninazoweza kuzijibu. Dada yangu mwenyewe anakataa kwa hoja ambazo mpaka leo sijazijibu.