Nani Anamdai Daktari?

Kuna aina ya kesi ambayo mahakama za India zimeizoea kama zetu zilivyozoea kesi za mipaka ya viwanja. Daktari kijana anasomea ubingwa, miaka mitatu, shahada ya MD au MS. Mtihani wa mwisho umekaribia. Chuo kinabandika orodha ya wasioruhusiwa kuufanya, na jina lake limo: mahudhurio hayakutimia. Kesho yake wakili yuko Mahakama Kuu ya jimbo na ombi la dharura, na jaji anatakiwa aamue upesi maana karatasi ya kwanza ni Jumatatu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Baraza la Tiba la India liliandika mwaka 2000 kwamba anayesomea ubingwa ni daktari wa muda wote hospitalini, na katika kila mwaka wa masomo ahudhurie si chini ya asilimia 80 ya mafunzo. Mwaka 2020 baraza hilo liliondolewa, Tume ya Kitaifa ya Tiba ikashika nafasi yake. Kanuni mpya zikatoka 2023. Mengi yalibadilika ila ile 80 ilibaki pale pale.

Msomaji wa blogu ya fasihi atauliza, sasa hii inatuhusu nini? Mimi imenishika kwa sababu ya tamthilia moja, Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Wengi tunakumbuka baraza la hukumu: mkataba uko mezani, kisu kinanolewa, na Portia aliyevaa kiume anaomba huruma. Tunachosahau ni kwamba anamwomba nani. Hamwombi Mtawala wa Venisi afute deni. Anamwomba Shylock, kwa sababu Shylock ndiye mdai. Mtawala hawezi kusamehe pauni ya nyama ambayo si yake. Hata sheria za Venisi, pamoja na ukatili wake wote katika tamthilia ile, zililielewa hilo.

Haya, turudi India. Mwanafunzi anaomba asamehewe asilimia tisa zilizopungua. Mdai wake ni nani? Chuo? Chuo kimeshalipwa ada. Tume? Tume ni mwenye daftari tu. Ukiifuata ile asilimia 80 hadi mwisho wake unamkuta mtu ambaye hayumo kabisa mahakamani: mgonjwa wa miaka mitano ijayo, aliyelala mezani akiamini kwamba huyu mwenye kisu aliwahi kusimama pembeni ya meza kama hiyo mara za kutosha. Huyo hajaandikiwa hati ya wito, hana wakili, na hata hajui kwamba siku moja atakuwa mgonjwa. Anaweza kuwa mtu wetu pia. Kwa miaka mingi serikali ya Tanzania imepeleka wagonjwa India kwa matibabu yasiyopatikana nyumbani, na anayetoka Dodoma au Tanga kwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo huko haulizi daktari wake alihudhuria siku ngapi.

Kwa hiyo jaji anaposema, "Namhurumia kijana huyu, aingie kwenye mtihani," nashindwa kumpigia makofi. Anatoa sadaka kutoka mfuko wa mtu mwingine.

Na namna sadaka hiyo inavyotolewa inaniudhi zaidi. Kwanza inatolewa amri ya muda: afanye mtihani, matokeo yafungwe kwenye bahasha yenye lakiri mpaka kesi isikilizwe. Miezi inapita. Bahasha inafunguliwa, kijana amefaulu. Wakili anasimama: Mheshimiwa, ameshafaulu, kumrudisha nyuma kuna faida gani? Na kweli, utamjibu nini? Mahakama ya Juu ya India ililalamikia tabia hii tangu mwaka 1993, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Guru Nanak Dev, ikisema amri za muda zinazotolewa kwa huruma isiyo mahali pake hazimsaidii mtu yeyote. Lakini maombi hayajaisha. Upande wa pili wa bahasha ile yupo mwenzake darasani, mwenye upungufu ule ule, ambaye hana pesa ya wakili. Yeye alinyamaza akarudia muhula.

Mpaka hapa nimeongea kama mwalimu wa zamu. Sasa niigeukie kanuni, maana nayo ina mambo yake.

Asilimia 80 inahesabu siku. Haihesabu saa, wala wagonjwa, wala mikono. Mwongozo wa serikali kuu ya India wa mwaka 1992 ulisema daktari wa ngazi hii kwa kawaida asizidishe saa 12 kwa siku na 48 kwa wiki. Yeyote anayewajua madaktari hawa anajua wiki zao hazina uhusiano na 48. Basi chukua aliyekesha zamu ya saa 30 mfululizo kisha akaanguka na homa siku mbili. Daftari litamwandikia mtoro. Zile saa za ziada alizotoa haziendi popote, hakuna safu yake. Ni daftari linalojua kukata tu. Kanuni za 2023 zinasema sasa kwamba afanye kazi saa za wastani, apumzike, apate likizo ya malipo ya siku 20 kwa mwaka na siku moja ya wiki kazi ikiruhusu. Hicho "kazi ikiruhusu" ndicho kinachobeba kila kitu, na kazi ya wodi hairuhusu mtu.

Halafu kuna upande wa pili, wa waliohudhuria kikamilifu na hawakujifunza. Wakati wa Korona, 2020 na 2021, madaktari wa ubingwa wa India waliondolewa kwenye idara zao wakapelekwa wodi za Korona. Upasuaji usio wa dharura ulisimamishwa. Anayesomea upasuaji wa mifupa alikaa miezi akipima oksijeni. Mahudhurio yake yalikuwa kamili, pengine kuliko mwaka wowote wa maisha yake, na mifupa hakuiona. Mwezi Juni 2021 kundi la madaktari liliiomba Mahakama ya Juu mtihani wa mwisho ufutwe, wapandishwe hivyo hivyo. Mahakama ilikataa: haiwezi kuwaachia wagonjwa madaktari ambao hawajapimwa. Nakubaliana nayo. Lakini angalia, siku ile mahakama ilimkumbuka mgonjwa. Kwenye kesi za mahudhurio anasahaulika upesi zaidi, nadhani kwa sababu mtihani unaonekana kama kitu na kuhudhuria kunaonekana kama makaratasi.

Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba mwanafunzi wa sheria asizuiwe kufanya mtihani kwa sababu ya mahudhurio. (Wanasheria wakiamua kuhusu wanafunzi wa sheria, tuliache hilo.) Uamuzi ule naweza kuutetea. Sheria ya mikataba unaweza kuisoma chumbani usiku wa manane ukaielewa kuliko aliyekaa mstari wa mbele akisinzia. Ila naogopa wakili atakayeuchukua kesho akaupeleka kwenye kesi ya daktari wa uzazi. Tumbo la mjamzito halisomwi chumbani. Unalishika wewe, mwalimu analishika baada yako, anakwambia umekosea, unalishika tena. Kwa daktari kuhudhuria ndiyo elimu yenyewe.

Sasa tuje kwenye kesi ngumu kuliko zote, ya mama. Tangu 2017 sheria ya India inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya wiki 26 kwa mtoto wa kwanza na wa pili. Hesabu wewe mwenyewe. Wiki 26 ni siku 182. Asilimia 80 ya mwaka inakuruhusu kukosa siku 73. Aliyejifungua akachukua likizo hiyo yote ndani ya mwaka mmoja wa masomo amebaki na asilimia 50 hata kama siku nyingine zote alikuwepo tangu alfajiri. Sheria moja inampa haki, kanuni nyingine inamwita mtoro kwa kuitumia. Na miaka ya kusomea ubingwa ndiyo hiyo hiyo ya kuzaa, si siri.

Hapa wengi wanasema basi huyu asamehewe. Mimi nasema hapana, na nasema kwa ajili yake. Kumsamehe ni kusema ana deni na tumemwonea huruma. Hana kosa la kusamehewa. Kilichopo ni mafunzo ambayo hajayapata bado, na dawa yake ni kuyapata. Kanuni zenyewe zina njia hiyo: likizo ikizidi, muda wa mafunzo unaongezwa kwa siku zile zile zilizozidi. Mgonjwa wa miaka mitano ijayo hapotezi kitu, na mama haombi hisani ya mtu.

Tatizo linakuja kwenye kalenda. Siku zinaongezwa, lakini mtihani unaitwa kwa tarehe za chuo. Aliyeongezewa miezi minne anaweza kumaliza wiki tatu baada ya wenzake kutoka ukumbini, akasubiri mtihani unaofuata, akakosa na nafasi za kazi zinazotangazwa mara tu matokeo yakitoka. Ile miezi minne inakuwa mwaka. Ndiyo maana anakimbilia kwa wakili, wala si kwa sababu anaogopa wodi.

Ningekuwa jaji, ningeiacha ile 80 kama ilivyo na kukiuliza chuo maswali mawili. Kwa nini orodha ya upungufu inabandikwa wiki moja kabla ya mtihani, wakati daftari lilikuwa mkononi mwao miezi 36? Na kuna ugumu gani kumwitia mama huyu watahini siku anayomaliza? Mtihani wa ubingwa unataka watahini wanne, wagonjwa wachache na chumba. Ni gharama, ndiyo. Basi chuo kije na hesabu ya gharama hiyo kizimbani, tuisikie.