Mlango wa Kilabu

Maswali mawili huweza kuulizwa juu ya vilabu vya mji mkubwa. La kwanza huulizwa kila siku na wazazi na walimu: ni mambo gani yatendekayo humo usiku? La pili huulizwa kwa nadra, nalo ndilo nipendalo kuliweka mbele yako, msomaji kijana: mlango wa kilabu humtaka mtu nini kabla ya kumruhusu kuingia?

Kupenda kukusanyika si dosari. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa hutamani kukaa jioni na wenziwe, asikie muziki, acheke, na uchovu umtoke. Watu wa pwani ya Kenya walilijua jambo hili walipounda vyama vya beni mwishoni mwa karne ya 19. Vyama hivyo vilikuwa na ngoma na tarumbeta, mavazi ya fahari, vyeo vilivyoiga jeshi, na mashindano makali. Vikaenea mpaka Nairobi na Tanganyika. Lakini havikuwa vya mchezo mtupu. Mwanachama alipokufa, wenziwe walichanga fedha za maziko. Waliocheza naye jana ndio waliombeba leo.

Sasa tazama mlango wa namna nyingine. Kilabu cha Muthaiga, Nairobi, kilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1913, kwa ajili ya walowezi na wakubwa wa Kizungu. Humo mlikuwa na chakula kizuri, dansi, na mazungumzo yaliyoweza kugeuza mambo ya nchi nzima. Mwafrika aliingia kwa kubeba sinia. Mhindi, hata akiwa na mali ya kununua jumba zima, hakupokewa kuwa mwanachama. Mlango ule uliuliza rangi ya ngozi, jambo ambalo hapana mtu alichaguaye. Waliofungiwa nje walikutana katika kumbi za Pumwani na Kaloleni. Walicheza dansi humo, na humo humo walijadili haki zao. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mlango wa rangi haukuweza kudumu.

Pengine utanijibu kwamba kila chama kina mpaka wake. Ni kweli. Chama cha waimbaji kina haki ya kumtaka mtu ajue kuimba, au awe tayari kujifunza. Mpaka huo hutokana na kazi ya chama chenyewe, na aliye nje aweza kuuvuka kwa bidii. Ubaya umo katika mpaka uwekwao ili walio ndani wajione bora kwa kuwa wengine wako nje. Mpaka kama huo hauna kazi nyingine ila kulisha kiburi, na kiburi hakishibi.

Je, leo mambo yakoje? Mlango wa rangi umeondoka, lakini mlango wa mfuko umesimama mahali pake. Katika vilabu vingi vya usiku vya Nairobi, kiti kilicho bora ni cha mnunuzi wa chupa ya bei kubwa, naye huletewa chupa hiyo kwa taa na shangwe ili watu wote wamwone. Kijana wa mshahara mdogo, akitamani kuonekana vivyo hivyo, hutumia kwa usiku mmoja kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Asubuhi taa zimezimwa, na waliomshangilia hawalijui jina lake. Hakununua urafiki; alikodi macho ya watu kwa saa chache.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia pombe mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Umri huo utaufikia, na siku hiyo bawabu hatakuzuia. Ndipo itakapokupasa kuwa bawabu wa nafsi yako. Usiulize tu kama mahali pale panapendeza, maana pengi hupendeza. Uliza kama nduguyu asiye na kitu angekaribishwa pamoja nawe. Uliza kama ukiugua yuko mtu humo atakayekuja kukujulia hali. Ukipata jibu jema, ingia ucheze kwa furaha. Usipolipata, muziki uko hata nyumbani, na wenzio wa kweli wataufuata huko.