Haki ya Mtu Umsimamishaye Njiani

Je, ni halali kumsimamisha njiani mtu usiyemjua na kumweleza habari za dini? Mtu yule hakukuita. Ana haraka yake, pengine na huzuni yake, nawe umemjia na karatasi mkononi na jibu tayari kinywani. Wako wasemao: mwacheni apite, kila mtu na dini yake. Na wako wasemao: ukweli ni ukweli, na aambiwe hata kama hataki. Naona pande zote mbili zimemsahau yule mtu mwenyewe.

Na tuutazame mtaa mmoja. Mashariki ya mji wa London iko njia nyembamba iitwayo Brick Lane. Kwenye pembe yake na Fournier Street pana jengo la matofali lililojengwa mwaka 1743 na Waprotestanti walioikimbia Ufaransa kwa ajili ya imani yao, likawa kanisa lao. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki. Na tangu mwaka 1976 ni msikiti, ambao wengi wa waumini wake asili yao ni Bangladesh. Kuta ni zile zile. Asimamaye mlangoni pake hupitwa na mpishi, mwanafunzi, mtalii, na kizee wa Kiingereza aliyeyaona mageuzi ya mtaa kwa macho yake.

Katika mtaa wa namna hiyo swali la “Umetoka wapi?” lina uzito. Sisi Waswahili humwuliza msafiri “Habari za utokako?” na hiyo ni adabu. Lakini huko swali hilo mara nyingi limekuwa na maana ya “Utarudi lini kwenu?”, hata akiulizwa binti aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Tarehe 4 Mei 1978 Altab Ali, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo mwenye asili ya Bangladesh, aliuawa Adler Street, si mbali na hapo, akirudi nyumbani kutoka kazini. Siku kumi baadaye watu wapatao 7,000 walilifuata jeneza lake hadi Downing Street. Vijana waliomwua hawakuwa na ugomvi naye. Hawakumwona Altab Ali. Waliona rangi tu.

Sasa nitasema neno ambalo huenda likawauma baadhi yetu. Mhubiri amwonaye mpita njia kuwa hesabu tu ya kuongeza katika taarifa yake ya mwezi, naye hakumwona mtu. Sisemi kwamba makosa hayo ni sawa, hasha! Mmoja anaua na mwingine anataka heri. Lakini upofu ule unafanana.

Labda utaniuliza: “Ikiwa nina yakini na imani yangu, je, kumsikiliza si unafiki? Si nangoja tu zamu yangu ya kusema?” Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba yakini yako yahusu Mwenyezi Mungu. Haikuambii kwa nini mzee yule amesimama peke yake mvuani. Hilo analijua yeye, nawe hulijui mpaka akuambie. Basi muulize jambo usilolijua kweli. Kurani Tukufu katika Sura Al-Hujurat yatufahamisha kwamba tofauti za mataifa na makabila zina shabaha, nayo ni kujuana. Litazame vizuri neno hilo la lugha yetu: halikamiliki kwa mtu mmoja. Ukimwuliza habari za imani yake, naye ana haki ya kukuuliza za kwako, hata swali lile usilopenda kuulizwa, na kukuona ukifikiri kabla ya kujibu.

Tena ana haki ya kwenda zake. Mtume Mtukufu s.a.w. alihimiza kumsalimu tumjuaye na tusiyemjua, wala hakuweka sharti kwamba asiyejulikana asimame asikilize hotuba.

Mkiagana, jipime hivi: umejua nini juu yake ambacho hukukijua mlipokutana? Na asiyetaka kusema neno lo lote, mpe salamu yake, umpishe njia. Huenda basi lake limekwisha kufika kituoni.