Mashoga wa Bibi



Familia nyingi za hapa Kibaha zina bibi aliyezaliwa Kisarawe, kule Maneromango au Mzenga, akaolewa huku, akalima mihogo, akasuka mikeka, akalea wanawe na wana wa wanawe. Akifariki baada ya umri mrefu tunasoma hitima, tunakula pilau, turubai linakunjwa, kila mtu anashika njia yake.

Tutazame Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alivyomkumbuka mkewe. Bibi Khadija aliishi naye takriban miaka 25, akafariki Makka miaka mitatu kabla ya Hijra. Mtume hakuchoka kumtaja. Akichinja mbuzi, hukata vipande akawapelekea marafiki wa Khadija, hata Bibi Aisha akakiri kuwa hakumwonea wivu mke yeyote kama huyo, naye alikwisha kufa! Siku moja Hala, dada wa Khadija, alipiga hodi. Mtume akamkumbuka Khadija kwa sauti ile, akaguswa mno. Na baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, binti yao Zainabu alipotuma mkufu ili amkomboe mumewe aliyetekwa, Mtume aliutambua: Khadija ndiye aliyempa bintiye alipoolewa. Moyo ukamlainika, akawaomba masahaba, wakiona vema, wamwachie mateka na kuurudisha mkufu. Umama, binti wa Zainabu, mjukuu wa Khadija, Mtume alimbeba ndani ya swala. Akisujudu humweka chini, akisimama humwinua.

Je, mashoga wa bibi yetu wako wapi? Yule aliyekuwa akisuka naye ukili, aliyemtunza kwenye uzazi, yupo Kisarawe, miguu haimbebi tena, na tangu matanga hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Na babu je, nani anakula naye futari?

Jambo jingine linaniuma. Tunachinja ng'ombe wa arobaini huku deni la marehemu dukani halijalipwa. Deni kwanza! Halafu mirathi: shamba lake la mikorosho lisikatwe viwanja kimyakimya na watoto wa kiume. Mabinti wana fungu lao katika Kitabu cha Allah, na babu, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana robo yake.

Ijumaa hii, ndugu yangu, chukua kilo mbili za sukari, panda gari uende kwa shoga wa bibi yako, ukae naye, mumwombee marehemu pamoja.