Mizani ya Maumivu Katika Koo Moja

Mafindofindo, yaani zile tezi mbili zilizo kushoto na kulia mwa koo ambazo wengi huziita tonsesi, yalikuwa yakiondolewa tangu zama za Celsus wa Roma, ambaye katika karne ya 1 alieleza namna ya kuyang'oa kwa kidole. Siku hizi ubishi wa madaktari ni kama yatenganishwe na nyama ya koo kwa mkasi na vyuma visivyo na joto, au yakatwe kwa umeme unaounguza nyama na kuziba mishipa ya damu papo hapo, au kwa koblesheni, njia inayotumia mawimbi ya redio katika maji ya chumvi ili kuyeyusha nyama kwa joto dogo zaidi. Kuuliza ni njia ipi inayouma kidogo ni rahisi, ila jibu lake hudhania kwamba maumivu ya mtu yanaweza kutiwa mizanini pamoja na ya mwenzake.

Kipimo kinachotumika sana ni mstari wa milimita 100, ambao mwanzo wake ni kutoumwa kabisa na mwisho wake ni maumivu makali kuliko yote yanayofikirika. Lakini mama aliyekwisha kujifungua na kijana ambaye hajapata hata kuteguka mguu hawafikirii mwisho mmoja, na kwa hiyo 60 ya huyu si lazima iwe 60 ya yule. Ndiyo maana baadhi ya watafiti huondoa findo la kulia kwa njia moja na la kushoto kwa nyingine, bila mgonjwa kuambiwa lipi ni lipi, ili shahidi abaki mmoja. Hila hiyo ni ya werevu, ingawa haimalizi shauri, kwa kuwa pande zote mbili humeza pamoja, na tena mshipa wa fahamu unaohudumia koo una tawi sikioni, hata mgonjwa hulalamikia sikio lisilo na jeraha lolote. Mtu huyo hawezi kukosea kwamba anaumwa, lakini anaweza kukosea ni wapi palipojeruhiwa.

Mwanafalsafa Wittgenstein, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1953, baada ya kifo chake, alipinga wazo kwamba neno la maumivu hupata maana yake kutokana na kitu cha siri ambacho mwenyewe tu hukiona. Hoja yake ina nguvu wodini, ambako mtoto asiyejua mstari wala namba hukataa maji, hutema mate badala ya kuyameza, na muuguzi huelewa bila kuuliza. Hata hivyo, mtoto huyohuyo akitishwa kwamba asipokunywa atatundikiwa dripu, atakunywa huku machozi yakimtoka, na kikombe kitupu kitaandikwa kuwa dalili ya nafuu.