Mama Luka na Mstari wa Mavumbini

Bwana wetu Yesu Kristu alipoketi hekaluni kuielekea sanduku ya sadaka, aliwaona matajiri wakitia fedha nyingi, na bado nyingi zikabaki nyumbani kwao. Akamwona mjane akitia senti mbili, asibakiwe na kitu. Mkatekumeni anayejiweka tayari kwa ubatizo na alitafakari neno hili polepole. Kwa maana liko jambo moja ambalo mtu aweza kulibakiza mkononi hata akiwa amekwisha kuacha nyumba, jamaa na nchi yake.

Katika misitu ya kaskazini-mashariki ya Kisangani, upande wa Wamba na Isiro, iko Nebobongo. Hapo misioni moja ya Kiprotestanti ilikuwa na nyumba ya watoto yatima, kambi ya wakoma na mahali pa kuzalishia akina mama. Mwaka 1953 alifika katika nchi ile daktari mwanamke kutoka Uingereza, Helen Roseveare, mwenye umri wa miaka 27, aliyesoma utabibu Cambridge. Hakufuata mshahara, alijitolea kwa ajili ya Injili. Watu walimwita Mama Luka, kwa kuwa Mtakatifu Luka naye alikuwa tabibu. Hakuwa Mkatoliki. Lakini Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 21 Novemba 1964, uliwafundisha Wakatoliki kuyakiri kwa furaha mema ya Kristu yanayoonekana kwa ndugu waliotengana nao. Basi hakuna sababu ya kuificha habari yake.

Hospitali haikuwapo; ilibidi ijengwe. Matofali yalifanywa kwa mikono na kuchomwa tanurini, na daktari aliyapokea pamoja na wafanyakazi mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Siku moja akaitwa toka tanurini kwenda kumpasua mgonjwa. Spiriti ya kunawia ilimchoma kama moto, naye akamnung'unikia Mungu: je, hakuja kutibu watu? Mbona anachoma matofali? Baadaye wafanyakazi wakamweleza kwamba walimwogopa alipokuwa katika chumba cha upasuaji, lakini penye tanuri, vidole vikitoka damu, walimwona kuwa mwenzao. Wakatekumeni waliobeba matofali na maji ya kujengea kanisa watalifahamu neno hilo bila kuelezwa.

Watoto yatima nao walimfundisha. Usiku mmoja mama mmoja alikufa katika kuzaa, akaacha kitoto kilichozaliwa kabla ya siku zake, na binti wa miaka miwili aliyelia bila kunyamaza. Umeme haukuwapo. Chupa ya mpira ya kutilia maji ya moto, ya mwisho iliyobaki, ilipasuka ilipokuwa ikijazwa. Kesho yake adhuhuri daktari aliwaeleza yatima jambo hilo wakati wa sala. Msichana wa miaka kumi akamwomba Mungu alete chupa nyingine siku ileile, maana kesho mtoto atakuwa amekufa; tena, kwa kuwa alikuwa akiomba, akaongeza mwanasesere kwa yule dada mdogo, apate kujua kwamba Mungu anampenda. Mama Luka hakuweza kuitikia Amina kwa moyo wote. Alijua kwamba kwa karibu miaka minne hakupata hata kifurushi kimoja toka kwao, na ni nani atakayetuma chupa ya maji ya moto katika nchi ya joto? Alasiri motokaa ikaleta kifurushi kikubwa. Ndani yake mlikuwa na chupa ya mpira, mpya, na chini kabisa mwanasesere. Kilikuwa kimetumwa miezi mitano kabla mtoto hajaomba.

Miaka ikapita. Wagonjwa walikuwa wengi na usingizi mchache. Hospitali aliyoijenga ikakabidhiwa daktari mwingine aongoze, na jambo hilo lilimwuma. Moyo wake ukakauka. Akawa mkali kwa wauguzi, mkali hata kwa wagonjwa. Mchungaji mmoja mzee, mwenyeji wa nchi, aliyaona hayo. Hakumkemea mbele za watu. Alimkaribisha kijijini kwake apumzike, akamwacha siku mbili akisumbuka peke yake katika sala. Jioni akamwita penye moto alipoketi na mkewe. Kwa kisigino akachora mavumbini mstari mmoja wima. Kwa Kiingereza herufi ya namna hiyo, ikisimama peke yake, maana yake ni “mimi”. Akamwambia kwa upole kwamba watu wanamwona Helen mno, hata hawawezi kumwona Yesu.

Maneno mazito! Yalisemwa na mzee wa kijiji kwa mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya watoto wa kijiji, naye aliyapokea. Kisha mzee akasema jambo dogo kuhusu kahawa. Wanakijiji wa Barumbu, kando ya mto Kongo chini ya Kisangani, wanajua jinsi kikombe kilichotoka motoni kisivyonyweka mara moja. Mzee alikuwa amemwona daktari, kila aletewapo kahawa, akisimama na kikombe mkononi mpaka kipoe. Akamshauri kwamba katika nafasi ile fupi amwombe Mungu aifute “mimi”. Na hapo kisigino kikapita tena mavumbini, kikaukata ule mstari katikati. Ukawa msalaba.

Mwezi wa Agosti 1964 waasi Simba waliiteka Kisangani, na Nebobongo nayo ikaangukia mikononi mwao. Ni msiba uleule ambao Mwenye Heri Anuarite aliuawa ndani yake huko Isiro, tarehe 1 Desemba. Mama Luka alipigwa, akatendewa unyama, akakaa kifungoni mpaka mwisho wa Desemba. Alipofika kwao Uingereza, nani angemlaumu kama angebaki huko?

Mwaka 1966 alirudi Kongo. Huko Nyankunde, karibu na Bunia, alifanya kazi ya kuwafundisha Wakongo utabibu, ili wao wenyewe washike hospitali, mpaka mwaka 1973.